Kugawa Chakula cha Dharura Kambini: Kutoka Ghalani Hadi Sufuriani

Chakula kinaweza kuingia kambini kwa hesabu sahihi, kikatoka ghalani kwa hesabu sahihi, kila kadi ikapigwa alama, na bado bibi kizee anayeishi peke yake kwenye hema la mwisho akalala na njaa. Alipewa kilo zake zote. Hakuweza kuzibeba, akamkatia fungu kijana wa kumbebea. Nafaka ilikuwa haijasagwa, akamwachia sehemu mwenye mashine. Hakuwa na kuni, akauza maharage apate za kupikia unga. Kwenye taarifa ya mwezi anahesabiwa kuwa amepata kilokalori 2,100 kwa siku, ila sufuria yake haikuziona.

Kwa hiyo mpango wa chakula cha dharura haukomei kwenye meza ya kupimia. Upangwe kwa kurudi nyuma: anza na sufuria ya mnyonge kabisa kambini, jiulize nini kitamzuia kuijaza, kisha ndiyo upange ghala, foleni na kadi.

Siku za mwanzo, kabla ya sufuria

Watu wanaofika leo hawana chombo cha kupikia, kuni, wala maji ya kutosha. Ukiwapa nafaka kavu umewapa mzigo tu. Katika siku 3 hadi 5 za kwanza wape kinacholika papo hapo: biskuti zenye nguvu nyingi, au chakula kilichopikwa kwenye jiko la pamoja.

Gramu 100 za biskuti hizo hutoa takriban kilokalori 450 na protini isiyopungua gramu 10. Mtu anayezitegemea peke yake angehitaji karibu nusu kilo kwa siku, na hakuna anayeweza kuzila hivyo kwa muda mrefu. Zigawe pamoja na maji safi, maana biskuti kavu bila maji huishia kuuzwa au kutupwa. Wazee wasio na meno na watoto waliotimiza miezi 6 wasagiwe biskuti, zilowekwe kwenye maji yaliyochemshwa hadi ziwe kama uji. Kwa kuwa kadi bado hazijatoka, mfunge kila mgeni bangili ya plastiki mkononi anapopokelewa, na uikate pembe anapochukua chakula. Bila alama kama hiyo, wenye nguvu watapita mara tatu kabla wagonjwa hawajainuka walipoketi.

Jiko la pamoja lina mtego wake. Chukua uji wa unga wa lishe, ule wa mahindi na soya ulioongezwa vitamini na madini. Kipimo ni gramu 40 za unga kwa mililita 250 za maji. Kwa bakuli 250 unahitaji kilo 10 za unga na lita 62 au 63 za maji, kiasi kinachoenea kwenye sufuria ya lita 100 na kubakisha nafasi ya kuchemka. Toa lita 15 za maji hayo yakiwa baridi, koroga unga wote humo hadi uvunjike, ndipo umimine kwenye maji yanayochemka. Unga ukiingia mkavu kwenye maji ya moto hufanya madonge, nje yameiva na ndani mabichi. Chemsha kwa moto mdogo dakika 5 hadi 10, si zaidi, kwa sababu unga huo umekwisha kupikwa kiasi kiwandani na moto mrefu huharibu vitamini. Uji uliokaa zaidi ya saa 2 usigawiwe.

Mtego ni huu: bakuli moja la uji huo lina kilokalori 150 hivi. Si mlo. Ukiliita mlo, mtu mzima atakula bakuli tatu kwa siku na bado hajafika robo ya mahitaji yake. Uji ni wa kuanzia asubuhi na wa watoto. Pamoja nao panga angalau milo miwili ya nafaka, kunde na mafuta. Jambo la pili linaloharibika jikoni ni maji. Foleni ikirefuka wapishi huongeza maji ili kila mtu apate, na wa mwisho kwenye foleni, ambao kwa kawaida ndio dhaifu, hunywa maji ya rangi ya uji. Toa tiketi 250 kwa kila sufuria ya bakuli 250, na sufuria ya pili iwe motoni kabla ya kwanza kuisha.

Yuko mtu mmoja ambaye hapaswi kulishwa kwa wingi hata akilia njaa: aliyekonda kupindukia kwa njaa ya muda mrefu. Mlo mkubwa wa ghafla huvuruga chumvi za mwilini na unaweza kuusimamisha moyo. Mpeleke kituo cha afya, ambako huanzishiwa maziwa tiba kwa kiasi kidogo kila baada ya saa 2 au 3. Wapishi na walinzi wa lango wafundishwe kumtambua, kwa sababu wao ndio humwona kwanza.

Watoto wachanga wana kanuni yao. Hadi miezi 6 ni maziwa ya mama tu, na kumsaidia mtoto huyo ni kumlisha mama, anayehitaji takriban kilokalori 500 za ziada kwa siku. Misaada ya maziwa ya kopo na chupa za kunyonyeshea isipokelewe wala kugawiwa kwa jumla, hata ikija kwa nia njema kabisa. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981 kuhusu uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama ipo kwa sababu maziwa hayo, yakichanganywa na maji machafu kwenye chupa isiyochemshwa, huleta kuhara kunakoua. Mtoto aliyefiwa na mama ashughulikiwe mmoja mmoja na wahudumu wa afya: kwanza atafutwe mwanamke wa kumnyonyesha, na maziwa mbadala yakilazimika yanyweshwe kwa kikombe, chini ya uangalizi.

Hesabu ya mgawo

Kiwango cha kupangia dharura ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, asilimia 10 hadi 12 zikitokana na protini na asilimia 17 na mafuta. Mgawo mmoja unaofika hapo ni huu, kwa mtu kwa siku:

Nafaka iliyosagwa, gramu 400
Maharage au kunde nyingine, gramu 60
Mafuta ya kupikia yenye vitamini A, gramu 25
Unga wa lishe, gramu 50
Sukari, gramu 15
Chumvi yenye madini joto, gramu 5

Kwa siku 30 mtu mmoja anapata kilo 12 za nafaka, kilo 1.8 za maharage, kilo 0.75 za mafuta, kilo 1.5 za unga wa lishe, gramu 450 za sukari na gramu 150 za chumvi. Jumla ni kilo 16.65. Watu 1,000 ni tani 16.65 kwa mwezi, na watu 10,000 ni tani 166.5 kabla ya kuongeza akiba ya wageni na ya upotevu.

Kosa la kwanza katika hesabu hii ni kumpa mtoto nusu. Ile 2,100 ni wastani wa kambi nzima, watoto na wazee wakiwa wamekwisha kuhesabiwa ndani yake. Ukikata nusu kwa watoto umeikata familia mara mbili, na familia zenye watoto wengi ndizo zitakazoumia. Kila jina kwenye kadi lipate mgawo kamili, hata la mtoto wa wiki moja.

La pili ni mafuta. Mpango huandikwa kwa kilo, ugawaji hufanywa kwa lita. Lita moja ya mafuta ya kupikia ina uzito wa gramu 920 hivi. Anayepima mililita 750 akidhani ametoa gramu 750 ametoa gramu 690, na kwa watu 10,000 upungufu ni kilo 600 kwa mwezi. Kipimo sahihi ni mililita 815.

La tatu ni kusaga. Nafaka nzima hukaa ghalani muda mrefu kuliko unga, kwa hiyo wanunuzi huipenda. Ila mkimbizi hali punje. Kama hakuna mashine kambini, leta unga. Kama mashine ipo, gharama ya kusaga na kinachopotea kwenye pumba vifidiwe kwa kuongeza nafaka asilimia 10 hadi 20, au mpango umlipe mwenye mashine moja kwa moja. Maharage nayo yana gharama iliyofichika, kwani yaliyokaa ghalani mwaka mzima huchukua saa nyingi kuiva na hula kuni kuliko nafaka. Kuni zikiwa adimu, kunde zilizokobolewa na kupasuliwa ni afadhali hata kama bei yake iko juu.

Kufikisha kilokalori peke yake hakutoshi. Mwaka 1990 zaidi ya wakimbizi 17,000 wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipata pelagra, ugonjwa wa ngozi, kuhara na kuchanganyikiwa unaoletwa na upungufu wa niasini, moja ya vitamini za kundi B. Mgawo wao ulisimama juu ya mahindi, ambayo niasini yake mwili hauipati kirahisi, na karanga zilizokuwa zikiziba pengo hilo zilikatika. Katika kambi za Pembe ya Afrika na Sudan miaka ya 1980 ulikuwa ni ugonjwa wa kiseyeye, kwa kukosa vitamini C. Ndiyo maana unga wa lishe, mafuta yenye vitamini na chumvi yenye madini joto si vya kuondolewa kwanza bajeti inapobana. Na ndiyo maana mkimbizi anayeuza nafaka kidogo anunue mboga hafanyi udanganyifu. Anarekebisha mgawo uliopangwa na mtu ambaye hatakula mgawo huo mwezi baada ya mwezi.

Kama masoko ya jirani yana bidhaa za kutosha, wafanyabiashara wengi na njia salama, fedha au vocha zinaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya mgawo. Pima bei kila wiki. Zikipanda, thamani ya vocha ipande nazo au urudishe chakula chenyewe. Kwa mtu asiyeweza kutembea, vocha ina udhaifu ule ule wa gunia: lazima mwingine aende kwa niaba yake.

Kuwapata wasioonekana

Katika kambi nyingi UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, pamoja na serikali ya nchi, husajili watu, WFP, yaani Mpango wa Chakula Duniani, huleta chakula, na mashirika washirika hugawa. Orodha ya ugawaji hutoka kwenye usajili, na asiyesajiliwa hali. Wanaokosekana hujulikana: mgonjwa aliyelala siku ya usajili, mlemavu ambaye ndugu zake humficha, mzee asiye na ndugu, watoto wanaoishi bila mtu mzima, mke wa pili aliyeandikwa chini ya jina la mume anayelala kwa mke wa kwanza. Hawa hawaji mezani, lazima waendewe. Tuma watu wawili wawili, mwanamke na mwanamume, hema kwa hema, wakiuliza swali moja la ziada kila mlangoni: jirani gani hatoki nje?

Usiwategemee viongozi wa bloku, yaani wa sehemu za kambi, peke yao kuleta majina. Wengi ni waaminifu, lakini orodha iliyopita mikononi mwao tu huwa na ndugu zao na hukosa mahasimu wao. Huko Goma, Zaire ya wakati huo (sasa Kongo), mwaka 1994 chakula cha wakimbizi wa Rwanda kilipitishwa kwa viongozi wa zamani wa utawala, nao wakakitumia kujiimarisha huku familia za kawaida zikipunjwa. Funzo lililobaki katika kazi hii ni kugawa kwa familia moja kwa moja, kadi iwe na jina la mwanamke wa nyumba inapowezekana, na kila mke awe na kadi yake.

Wanyonge wanaohitaji msaada maalumu wawekewe alama ndogo ya siri kwenye orodha ya ndani. Kadi ya rangi tofauti inayotangaza kwamba huyu ana virusi vya UKIMWI au huyu ni yatima itamletea matatizo kuliko chakula. Kuhusu yatima kuna tahadhari nyingine: ukitangaza mgawo wa ziada kwa watoto wasio na wazazi, baadhi ya wazazi watajificha ili watoto wao wahesabiwe. Mtoto apate haki yake kupitia familia inayomlea, na mfuatiliaji ahakikishe anakula.

Sambamba na msako huo, watoto wa miezi 6 hadi 59 wapimwe mkono. Utepe huzungushwa mkono wa kushoto uliolegea, katikati ya bega na kiwiko, bila kubana nyama. Chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali. 115 hadi chini ya 125 ni wa wastani. Bonyeza pia miguu yote miwili kwa kidole gumba kwa sekunde 3. Shimo likibaki kwenye miguu yote, mtoto ana uvimbe wa njaa na ni mgonjwa mahututi hata kama mkono wake unaonekana mnene. Wenye utapiamlo mkali hupewa chakula dawa, pakiti za gramu 92 zenye kilokalori 500 kila moja, kwa idadi inayopangwa na mhudumu wa afya kulingana na uzito. Mweleze mama kwamba pakiti ni dawa ya mtoto huyo peke yake, kisha hakikisha ndugu zake wana chakula, la sivyo atawagawia, na hakuna mama atakayefanya vingine. Watoto wa miezi 6 hadi 23, wajawazito na wanaonyonyesha wanahitaji unga wa lishe wa ziada nje ya mgawo wa kawaida, hata kama hawajakonda.

Siku ya mgawo

Weka kituo kimoja cha ugawaji kwa kila watu 5,000, mahali ambapo mwenye mzigo anaweza kurudi kwake kabla ya giza. Panga wafanyakazi wasiopungua 2 kwa kila watu 1,000, wanawake wakiwemo kwenye meza za kadi na za kupimia. Kuwe na kivuli, maji ya kunywa, choo, na njia za kamba zenye upana wa mtu mmoja. Njia ya kuingilia isikutane na ya kutokea, maana wanaotoka na magunia wakikutana na wanaosubiri ndipo fujo huanza. Kugawa kutoka juu ya lori ni marufuku kabisa. Huko hupata wenye misuli.

Ubao mkubwa langoni uonyeshe kwa maandishi na kwa picha kila mtu anastahili kiasi gani, kwa vyombo ambavyo watu wanavitumia nyumbani. Mtu asiyejua haki yake ni kilo ngapi hawezi kulalamika akipunjwa. Tangazo litoke siku mbili kabla, kwa kipaza sauti na kwa wajumbe wanaopita mahemani, na lisisitize kuwaambia watu waje na chombo cha mafuta. Wakija bila chombo, mafuta huingia kwenye mifuko ya plastiki na nusu yake humwagika njiani. Weka chupa tupu chache za akiba.

Njia inayorahisisha kazi zaidi ni kuita familia kwa ukubwa: siku moja familia za mtu 1 na 2, siku nyingine za watu 3 na 4, na kuendelea. Kila anayepita siku hiyo anapata kiasi kile kile, mpimaji hakosei, na msimamizi akisimama pembeni anaona kwa macho gunia lililopungua. Waanze wa mtu 1. Hao ndio wazee, wajane na watoto wanaoishi peke yao, na ndio wanaomalizika nguvu wakisubiri.

Makopo ya kupimia yanahitaji uangalifu kuliko yanavyopewa. Kopo lililopimwa kwa unga halifai kwa maharage, kwa sababu ujazo ule ule una uzito tofauti, na hata shehena mbili za maharage hutofautiana. Kila shehena mpya inapofunguliwa, jaza kopo, sawazisha juu kwa ubao, pima kwenye mizani mara 10 na uchukue wastani. Kisha likate kopo kwa juu hadi likijaa na kusawazishwa liwe ndiyo kipimo kamili. Kopo linalotakiwa kujazwa "hadi kwenye mstari" linamwachia mpimaji uamuzi, na uamuzi huo kwa mtu mia nne kwa siku ni magunia.

Kama uaminifu upo, kugawa magunia mazima kwa kikundi ni haraka zaidi. Familia 5 zenye jumla ya watu 25 hustahili kilo 300 za nafaka, yaani magunia 6 ya kilo 50 bila salio. Wanagawana wenyewe kwa kopo lililotolewa na kituo. Lakini usimweke mnyonge kwenye kikundi asichokichagua, na mfuatiliaji asimame karibu wakati wa kugawana. Amua pia mapema nani anachukua magunia matupu na madebe. Linaonekana jambo dogo hadi wapigane.

Mlango wa kutokea uwe na mizani. Chagua bila mpangilio familia 30 hadi 50 kwa siku, pima walichobeba, linganisha na kadi. Wastani ukishuka chini ya asilimia 95 ya stahili, simamisha mstari, kagua makopo, badilisha wapimaji. Usisubiri taarifa ya mwisho wa mwezi.

Sasa mzigo wenyewe. Familia ya watu 5 kwa mgawo wa mwezi inabeba zaidi ya kilo 83. Mjamzito hawezi, mzee hawezi, mtoto wa miaka 13 anayelea wadogo zake hawezi. Zipo njia tatu, na zote zinatumika pamoja. Gawa kila siku 15 badala ya 30, mzigo unapungua nusu na wizi mahemani nao unapungua. Weka wachukuzi wenye matoroli na vitambulisho, wanaolipwa na mpango, na ubao useme wazi kwamba kubebewa hakulipiwi kwa chakula. Na kila asiyeweza kuja amtaje mtu wa kumchukulia, jina na picha viingie kwenye kadi yake, akiwa na haki ya kumbadilisha wakati wowote. Mchukuaji mmoja asiwakilishe zaidi ya familia mbili au tatu. Anayewakilisha kumi amekwisha kuwa mfanyabiashara. Kwa waliolala kabisa, peleka hadi hemani na upime mbele yao.

Chakula hakina bei ya aina yoyote

Mwaka 2002 ripoti ya UNHCR na Save the Children iliyohusu kambi za Guinea, Liberia na Sierra Leone ilieleza jinsi wafanyakazi wa misaada walivyowataka wasichana kingono ndipo wawape chakula na huduma. Kutokana nayo mashirika yaliweka kanuni za pamoja, na mwaka 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa akatoa waraka unaokataza unyonyaji huo. Kituoni hilo lina maana ya vitu vinavyoshikika: hakuna mwanamume mmoja anayeamua peke yake nani aingie kwenye orodha, mgawo wa ziada huidhinishwa na watu wawili, hakuna ugawaji baada ya jua kuzama, na dawati la malalamiko linakaliwa na mwanamke asiyetoka kwenye timu ya ugawaji. Kila mfanyakazi, hadi mchukuzi wa siku moja, asomewe kanuni hizo kwa lugha anayoielewa na aziwekee saini.

Ghala

Tani moja ya chakula kilichofungwa inahitaji takriban mita 2 za ujazo. Magunia yakae juu ya paleti, yaani fremu za kuinua mzigo kutoka sakafuni, mita 1 kutoka ukutani na mita 1 kati ya rundo na rundo, yakipishana kama matofali ili rundo lisianguke. Maboksi ya mafuta yasizidi tabaka zilizoandikwa kwenye boksi, kwani ya chini hupasuka na mafuta yakalowesha kila kitu. Kinachokaribia kuisha muda kitoke kwanza, hata kama kiliingia mwisho.

Mahindi yanayopokelewa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Yenye unyevu zaidi huota kuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kupika wala kwa kuchambua kwa macho. Yakatae kwenye lori, kabla ya kushushwa. Yakishaingia ghalani ni yako. Kufukiza dhidi ya fukusi na dumuzi kufanywe na fundi mwenye leseni tu, ghala likiwa limefungwa na mlinzi akiwa nje, kwa sababu gesi ya fosfini inaua binadamu pia. Hati ya mzigo isainiwe baada ya kupima, si baada ya kuhesabu magunia, maana gunia la kilo 50 lililotobolewa njiani bado ni gunia moja.

Baada ya mgawo

Siku 7 hadi 10 baadaye, tembelea mahema yaliyochaguliwa bila mpangilio, pamoja na yote ya wale wenye alama ya siri. Usianze na maswali. Omba kuona chakula kilichobaki, kisha sufuria na kuni. Ndipo uulize: jana mlikula mara ngapi, nani hakula, nini kiliuzwa na kwa ajili ya nini, nani alikubebea na ulimpa nini. Jibu la "niliuza maharage kununua kuni" linarekebishwa kwa kuleta kuni au majiko banifu, si kwa kupunguza maharage. Mzee mwenye chakula kingi kupita kiasi siku ya 10 hajashiba. Huenda hana wa kumpikia.

Malalamiko yapokelewe kituoni, kwa simu isiyolipiwa na kwa mjumbe anayepita, na kila moja lipate jibu kabla ya mgawo unaofuata. Kadi iliyopotea isimnyime mtu chakula: thibitisha jina kwenye orodha kwa alama ya kidole au mashahidi wawili, mpe mgawo siku hiyo hiyo, kadi mpya ifuate.

Chakula kinapopungua

Itatokea: msafara utakwama au fedha zitakatwa. Amua utaratibu kabla, ukiwa na utulivu, pamoja na kamati ya wakimbizi yenye wanawake na walemavu ndani yake. Punguza nafaka kwa kiwango kile kile kwa wote kabla hujagusa kunde na mafuta, na usiguse kabisa chakula cha watoto wa chini ya miaka 2, wajawazito, wanaonyonyesha na wagonjwa. Kuchagua familia za kuondolewa kambini ambako karibu wote hawana kipato huleta ugomvi na orodha za uongo. Hufaa tu pale ambapo tofauti za kipato zimepimwa na zinaonekana kwa watu wenyewe. Tangaza punguzo, sababu yake na muda wake angalau wiki moja kabla. Usiahidi kufidia kilo zilizokatwa, kwa sababu karibu kamwe hazifidiwi. Katika kipindi hicho pima mikono ya watoto kila wiki mbili badala ya kila mwezi, na fuatilia vifo: vikipita mtu 1 kwa kila watu 10,000 kwa siku, au watoto 2 wa chini ya miaka 5 kwa kila watoto 10,000 wa umri huo, hali imefika kiwango cha dharura na taarifa ipelekwe kwa wafadhili siku hiyo hiyo, ikiwa na takwimu za kambi, idadi ya watu na tani zinazokosekana.